Parenzana kwa Baiskeli: Siku Tatu kwenye Tuta la Reli, Katikati ya Mizabibu ya Istria

Ukisimama juu ya mji wa Motovun, huko Istria, rasi iliyo kwenye bahari ya Adriatiki, ukatazama bonde la mto Mirna, unaona vilima vimefuatana kama mawimbi, kila kilele kimebeba mji wake wa mawe, na miteremko yote imechorwa mistari ya mizabibu. Mtu akikwambia unaweza kuvuka nchi hiyo kwa baiskeli kwa siku tatu, bila kushuka kusukuma na karibu bila kupishana na gari, utadhani anakudanganya. Hakudanganyi. Njia ipo, na wenyeji wanaiita Parenzana.

Zamani ilikuwa reli. Treni yake ndogo, yenye reli zilizoachana milimita 760 tu, ilianza safari mwaka 1902, enzi za dola ya Austria na Hungaria. Ilitoka Trieste, ambayo leo ni Italia, hadi Poreč, mji wa Kroatia ya leo ambao kwa Kiitaliano ni Parenzo, na ndiko jina lilikotoka. Kilomita 123. Ilibeba mvinyo, mafuta ya zeituni, chumvi, mawe, na watu wa vijijini waliokwenda sokoni. Tarehe 31 Agosti 1935 ikafungwa. Reli ziling'olewa, na huko Istria utasimuliwa kwamba zilipakiwa melini kupelekwa Abisinia, yaani Ethiopia, kwa ajili ya vita vya Mussolini, mtawala wa Italia, meli ikazama njiani na chuma chote kikalala chini ya bahari. Ni simulizi ya wenyeji, nami hunigusa kila ninapoisikia, maana chuma kilichowabebea wakulima zabibu zao kilikuwa njiani kwenda kuwaangamiza majirani zetu.

Kilichobaki ni tuta, madaraja na mahandaki. Leo ni njia ya baiskeli na ya miguu: kilomita 13 hivi Italia, 32 Slovenia na 78 Kroatia. Upande wa Italia na Slovenia sehemu kubwa ni lami laini. Kuanzia Buje, ndani ya Kroatia, ni changarawe, ileile ambayo Kenya tunaiita marram, na hapo ndipo utamu wenyewe ulipo.

Kabla ya hatua yoyote, elewa jambo moja, kwa sababu mengine yote yanalitegemea. Treni ile ilikuwa dhaifu. Wahandisi hawakuweza kuipandisha kilima kwa mkato, kwa hiyo waliizungusha kila kilima taratibu, na mwinuko mkali kabisa haufiki mita 30 kwa kila kilomita moja. Maana yake ni kwamba mlima wa Parenzana hauna ukali ila una urefu. Hutaona pa kukukata pumzi, lakini unaweza kupanda saa nzima mfululizo. Wanaochoka ni wale wanaoona mwinuko mdogo wakaukimbilia. Weka gea nyepesi mapema, kaa kwenye kiti, nenda mwendo wa treni. Yenyewe ilitumia kama saa saba kufika Poreč, na wazee husimulia kwamba kwenye miinuko abiria waliruka chini, wakachuma matunda, kisha wakalidandia behewa lao tena.

Hatua ya kwanza: chagua mwezi

Nenda Mei, au kuanzia katikati ya Septemba hadi Oktoba. Mei vilima ni vya kijani, maji yapo, na jua halijawa kali. Septemba ni mavuno. Utawakuta watu mashambani na makreti yao, na hewa ya vijijini inanukia zabibu zilizokamuliwa. Oktoba inaongeza tartufi nyeupe, kuvu wa kuliwa anayesifika sana huku, lakini pia mvua, na udongo wa bonde la Mirna ukilowa hushika tairi kama ugali kwenye mwiko.

Julai na Agosti joto hupita nyuzi 30, na sehemu nyingi za njia upande wa Buje hazina kivuli. Pwani hujaa watalii hadi chumba kinakuwa shida. Majira ya baridi kuna upepo uitwao bora, unaoshuka kutoka milimani kaskazini mashariki kwa kishindo. Mwaka 1910 uliiangusha treni ya Parenzana karibu na Muggia, na watu walikufa. Upepo unaoweza kulaza mabehewa si wa kubishana nao ukiwa juu ya baiskeli.

Hatua ya pili: viza na njia ya kufika

Nchi zote tatu zimo ndani ya Schengen, eneo la nchi za Ulaya zenye viza ya pamoja. Kroatia iliingia tarehe 1 Januari 2023, siku hiyohiyo ilipoanza kutumia euro. Kwa mwenye pasi ya Tanzania, Kenya, Uganda au Kongo, hiyo ni nafuu kubwa: viza moja, fedha moja, safari nzima. Omba viza kwa nchi utakayolala usiku mwingi zaidi. Ukifuata mpango wangu wa siku tatu na kubaki Poreč siku moja mbili, nchi hiyo ni Kroatia, hata kama ndege yako inatua Italia. Bima ya safari iwe ya angalau euro 30,000. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na yasikosee kufika siku 15 kabla. Mimi nasema anza miezi mitatu kabla, kwa sababu kupata miadi ya kupeleka fomu ndiko kunakokula muda.

Ukaguzi wa mpakani uliondolewa, kisha mwaka 2023 Italia na Slovenia zikaurudisha kwa muda. Kwa hiyo pasi isikae chini ya begi. Iweke pa kuitoa kwa mkono mmoja.

Kutoka nyumbani, ndege nyepesi kuipata ni ya Venice kwa kuunganisha, kisha treni hadi Trieste, safari ya saa mbili hivi. Treni za mikoa za Italia hubeba baiskeli kwa tiketi yake ndogo ya ziada. Wenzetu wanaoishi Ulaya wana chaguo zaidi: Ljubljana, Pula, au Trieste penyewe.

Hatua ya tatu: baiskeli

Usisafiri na yako kutoka Dar au Nairobi, isipokuwa una sababu kubwa. Gharama na wasiwasi havilingani na siku tatu. Kodi huko, maduka yako Trieste, Koper, Portorož na Poreč. Kabla ya kulipa, uliza kama unaweza kuichukua mji mmoja na kuiacha mwingine, maana jibu hilo ndilo litakaloamua utarudi vipi.

Unachotaka ni baiskeli ya changarawe: usukani uliopinda kama ya mashindano, lakini fremu imara na tairi pana. Wanaofuatilia Migration Gravel Race ya Maasai Mara, iliyoanza 2021, wanaijua sura yake. Baiskeli ya milimani isiyo na springi nyuma inafaa pia, na kwa asiyezoea usukani uliopinda ni bora zaidi. Baiskeli ya lami yenye tairi nyembamba iache dukani. Kuna sehemu baada ya Grožnjan zenye kokoto za ukubwa wa yai la kuku, zinazobingirika chini ya gurudumu.

Tairi ziwe na upana wa milimita 40 au zaidi. Upepo usijazwe hadi tairi iwe jiwe: kwa mtu wa kilo 70, baa (kipimo cha presha) mbili na nusu hadi tatu zinatosha. Bonyeza kwa kidole gumba. Iingie kidogo ikisukuma. Ikikataa kabisa, kila kokoto itakupiga mikononi, na ikifika jioni vidole vitakuwa na ganzi. Gea kubwa kabisa ya nyuma iwe na meno 34 au zaidi. Mwinuko hauhitaji hivyo, ila mzigo na saa ya tatu ya safari vinahitaji.

Sasa breki. Hapa nakusihi usione haya. Safari yangu ya kwanza nilipewa baiskeli nzuri ya kung'aa, nikaizungusha uani mara mbili, nikatia sahihi. Kushuka kuelekea Livade, mteremko wa kilomita nyingi, breki ya nyuma ikaanza kulia kama chuma juu ya chuma, na ndivyo ilivyokuwa: pedi zilikwisha. Nilishuka kwa breki ya mbele peke yake, taratibu, mikono ikitetemeka. Tangu siku hiyo huinama pale pale dukani na kumulika pedi kwa tochi ya simu. Kama unene uliobaki ni wa karata tu, omba zibadilishwe mbele yako. Kisha pima urefu wa kiti. Kaa, weka kisigino kwenye pedali ikiwa chini kabisa. Mguu unyooke bila nyonga kuinama upande. Ukiendesha kwa sehemu pana ya wayo iliyo nyuma ya vidole, goti litapinda kidogo, na hilo ndilo unalotaka.

Hatua ya nne: mzigo

Mifuko miwili midogo, mmoja chini ya kiti na mmoja mbele ya usukani, inatosha siku tatu. Begi la mgongoni likatae. Jasho na uzito wake vitakumaliza.

Tyubu mbili za akiba, viraka na solusheni, pampu, vijiti vya kubandulia tairi, kifaa cha kukatia mnyororo. Pancha hapa si za misumari, ni za miiba. Kando ya tuta kumeota vichaka vyenye miiba mirefu, na vikifyekwa, vipande hubaki njiani. Nilipopata pancha karibu na Vižinada, mwiba ulikuwa umekatikia ndani ya tairi na haukuonekana kwa nje. Nilibadilisha tyubu, nikaendesha mita mia tatu, ikalala tena. Kwa hiyo kabla ya kuweka tyubu mpya, pitisha vidole polepole ndani ya tairi mzunguko mzima, kisha rudia kwa upande wa pili. Ukiguswa na ncha, isukume itoke. Dakika mbili hizo zinakuokolea tyubu.

Taa ni lazima. Mbele iwe yenye nguvu ya kumulika njia, nyuma nyekundu. Nitaeleza sababu tukifika kwenye mahandaki.

Maji lita moja na nusu, na zaidi wakati wa joto. Kati ya miji kuna kilomita nyingi zisizo na duka wala bomba. Jaza kila unapoona bomba la mji, hata kama chupa haijaisha. Weka pia mkate na jibini, maana vijijini majiko hufungwa mchana na kufunguliwa jioni. Na koti jepesi, hata kiangazi.

Kofia ngumu, Slovenia na Kroatia sheria inawalazimisha watoto na vijana tu. Wewe vaa. Namba ya dharura katika nchi zote tatu ni 112.

Siku ya kwanza: Muggia hadi Sečovlje

Usianzie katikati ya Trieste. Reli ilianzia huko, lakini leo ni barabara za mji, malori ya bandarini na taa za magari. Panda kivuko kidogo cha abiria cha kwenda Muggia, ng'ambo ya ghuba, ukiuliza kwanza nafasi ya baiskeli. Kutoka hapo fuata vibao hadi mpaka wa Slovenia. Ukiwa Slovenia tafuta alama ya D-8. Utaona pia jina la huko, Njia ya Afya na Urafiki.

Siku hii ni ya lami na bahari. Kati ya Koper na Izola barabara ya pwani ilifungwa kwa magari mwaka 2017. Watu wanaogelea upande mmoja, kilima upande mwingine, na katikati baiskeli, watoto na bibi wanaosukuma vigari. Piga kengele mapema na upunguze mwendo, hapo si pa kukimbia.

Baada ya Izola njia inaacha bahari na kupanda kati ya mizabibu na mizeituni. Huu ndio mlima wako wa kwanza, na ndio wa kujifunzia. Jaribu hili: panda ukizungumza, au ukiimba. Ukishindwa kumaliza sentensi, punguza gea. Utapita handaki, utashuka Strunjan, utapanda tena, na handaki la Valeta, lenye mita 550, litakutoa upande wa pili ukiitazama Portorož chini yako.

Maliza siku kwenye mabwawa ya chumvi ya Sečovlje. Pale bado wanavuna chumvi kwa mkono, kwa ufundi wa karne nyingi: sakafu ya bwawa imefunikwa tabaka jembamba la mwani na madini, wanaliita petola, linalotenga chumvi na tope ili iwe nyeupe. Watu wa pwani yetu wanaojua mashamba ya chumvi ya Gongoni watasimama hapo muda mrefu, kama nilivyosimama mimi. Lala Sečovlje au Portorož.

Siku ya pili: Sečovlje hadi Livade

Hii ndiyo siku niliyoiandikia mwongozo huu.

Anza asubuhi na mapema, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni mpaka wa Kroatia, ng'ambo ya mto Dragonja. Hapo ndipo mahali pabaya kuliko pote, kwani kwa kilomita chache unakuwa karibu na magari, na wakati wa likizo foleni yake ni ndefu. Pita kabla wenye magari hawajaamka. Ya pili ni kwamba kutoka mpakani hadi Grožnjan unapanda karibu muda wote, kutoka usawa wa bahari hadi mita 293, kilele cha reli nzima.

Buje ni mahali pa kujaza maji na kununua chakula. Ukiondoka hapo lami inakwisha, na ghafla unakisikia kimya. Utasikia changarawe ikisagika chini ya tairi, mnyororo, na ndege. Pande zote mbili ni mizabibu, na angalia udongo wenyewe: mwekundu kabisa, kama wa Kiambu au Karatu. Wenyeji hugawa nchi yao kwa rangi. Istria nyekundu ni ya upande wa magharibi na pwani, ya kijivu ni ya vilima vya katikati vyenye udongo wa mfinyanzi, nyeupe ni ya milima ya mawe kaskazini. Leo utatoka kwenye nyekundu na kuingia ya kijivu, na utaona kwa macho yako mstari zinapobadilishana.

Namna ya kuendesha kwenye changarawe kwa asiyezoea: mikono iwe laini, viwiko vimekunjwa kidogo. Usiushike usukani kama unayezuia mbuzi. Baiskeli itacheza chini yako, iache icheze. Ukipigana nayo ndipo utaanguka. Tazama mbele mita kumi hadi kumi na tano, usitazame kokoto iliyo mbele ya gurudumu. Fuata mstari uliosagwa na waliotangulia. Kwenye kona, punguza mwendo kabla hujaingia, si ukiwa ndani, na kwenye mteremko breki ya nyuma ifanye kazi kubwa kuliko ya mbele.

Grožnjan imekuwa mji wa wasanii tangu miaka ya 1960, na vijana wa muziki kutoka nchi nyingi hukutana pale majira ya joto. Utasikia piano kutoka dirishani, hatua chache mbele ni filimbi. Pumzika hapo walau saa nzima, kunywa kitu, usiwe na haraka. Kwa leo, juu yako hakuna tena mlima.

Kisha ule mteremko. Kutoka Grožnjan njia inashuka karibu mita 280 hadi bonde la Mirna, kwa utaratibu uleule wa treni, ikizunguka kila bega la kilima. Unapita juu ya madaraja ya matao ya mawe, yenye uzio kando, na chini yake bonde limefunikwa msitu. Završje, kijiji kilichobaki na watu wachache, unaona mnara wa kanisa lake ulivyoinama. Na hapa kuna mahandaki.

Handaki la Parenzana lisikutishe, lakini liheshimu. Kwenye baadhi kuna taa zinazowaka zenyewe unapoingia; zingine zinachelewa, zingine haziwaki. Simama nje kwanza. Vua miwani ya jua, na hilo watu husahau. Washa taa zote mbili. Hesabu hadi ishirini ili macho yazoee, kisha ingia mwendo wa mtu anayetembea haraka. Hewa hubadilika papo hapo, inakuwa baridi na nzito, inanukia jiwe lililolowa. Maji hudondoka kutoka darini na kuacha madimbwi, na changarawe iliyo ndani hailingani na ya nje. Mara moja taa yangu ilizimika katikati ya handaki lenye kona. Nilisimama, nikaweka mguu chini, na kwa muda sikuona hata mkono wangu. Nilisikia tone, kimya, tone. Tangu hapo hubeba tochi ndogo shingoni. Ukimsikia mtu anakuja upande wa pili, paza sauti. "Dobar dan" inatosha, ni salamu yao ya mchana.

Livade iko chini bondeni, kijiji kidogo sana chenye jina kubwa. Ni kwa sababu ya tartufi, kuvu anayeota chini ya ardhi kwenye mizizi ya mialoni ya msitu wa Motovun, na anayenuswa na mbwa waliofundishwa. Tarehe 2 Novemba 1999, Giancarlo Zigante alichimba huku Istria moja nyeupe yenye kilo 1.31, na ikaingia kwenye kitabu cha rekodi cha Guinness. Pia kuna makumbusho madogo ya Parenzana, yenye picha na vyombo vya reli. Lala hapa, au panda Motovun kama miguu ina nguvu. Ila fahamu kwamba barabara ya kupanda hadi mjini haikujengwa kwa ajili ya treni. Ni kali kweli, na hapo kusukuma si aibu.

Siku ya tatu: Livade hadi Poreč

Unavuka bonde, kisha unaanza kupanda tena kuelekea Vižinada. Ni mlima mrefu wa pili wa safari, na wengi hukosea hapa, kwa sababu asubuhi wana nguvu na bondeni ni tambarare, wakaanza kwa kasi. Njia hupita kwenye handaki chini ya Motovun yenyewe, kisha inatoka na kuuzunguka mji, kiasi kwamba kwa muda mrefu utauona tena na tena, kila mara kwa upande mwingine. Mario Andretti, bingwa wa dunia wa mbio za magari mwaka 1978, alizaliwa kwenye mji huo mwaka 1940. Nimependa siku zote kwamba mtu wa kasi namna ile alitokea mahali ambapo reli yake ilikwenda kwa mwendo wa punda.

Baada ya Vižinada mambo ni mepesi. Unashuka kidogo kidogo kati ya mashamba, udongo unarudi kuwa mwekundu, bahari inaanza kuonekana. Kuwa makini na vibao tu, kwani karibu na barabara kuu tuta la zamani limekatwa, na njia inakwepa mara kadhaa kwa barabara ndogo za vijiji. Ukiona umeendesha kilomita nzima bila kibao, rudi hadi cha mwisho ulichokiona. Pakua ramani kwenye simu kabla hujaondoka Livade, mtandao bondeni hukatika.

Mezani

Mvinyo wa hapa una majina matatu ya kujua. Malvazija ni mweupe, mkavu, na ndio uliotapakaa zaidi. Teran ni mwekundu, mkali wa uchachu. Muškat wa Momjan, kijiji kilicho karibu na Buje, ni mtamu na unanukia maua. Wakulima wengi huuza nyumbani kwao. Ukiona kibao, ingia, salimia, uliza. Lakini onja jioni, baiskeli ikiwa imeshalala. Sheria ya Kroatia ya ulevi inamhusu pia mwendesha baiskeli, na daraja lile la matao halina msamaha. Ukiipenda chupa, waombe wakutumie nyumbani unakoishi Ulaya, au nunua ya mwisho Poreč.

Kuna kinywaji chao kimoja nataka ukione hata kama hutakinywa. Wanakiita supa. Mvinyo mwekundu hupashwa moto kwenye jagi la udongo lenye michoro, wanaliita bukaleta. Hutiwa mafuta ya zeituni, sukari, pilipili manga, kisha kipande cha mkate kilichochomwa huzamishwa humo. Jagi moja, watu wote mezani, linazunguka kutoka mkono hadi mkono. Nilipopewa nafasi yangu, mzee wa mezani alinigeuzia mdomo wa jagi uliokuwa safi, akafuta ukingo kwa kidole gumba, ndipo akanipa. Ni adabu ambayo ningeikuta Tanga au Lamu vilevile.

Asiyekunywa pombe hakosi kitu katika nchi hii. Mafuta ya zeituni ya Istria huonjwa kwa utaratibu kama mvinyo, na asali na jibini viko kila kijiji. Kwa asiyekula nguruwe, jua kwamba pršut, inayoletwa mezani kama karibu mgeni, ni paja la nguruwe lililokaushwa, na supu nzito ya maharage iitwayo maneštra nayo mara nyingi hupikwa na mfupa wake. Uliza kabla, hawakasiriki. Fuži, tambi zao za kukunja kwa mkono, zenye tartufi, kwa kawaida hazina nyama, na baada ya siku nzima ya kupanda sijui chakula kinachozidi.

Kufika na kurudi

Poreč ina basilika ya Eufrasius, ya karne ya sita, iliyoingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1997. Ingia ukiwa hivyohivyo na vumbi lako, ukazitazame picha za vigae vya dhahabu.

Kurudi Trieste kuna njia tatu. Ya kwanza ni kuiacha baiskeli Poreč kama mlivyokubaliana na duka, na kupanda basi. Ya pili ni magari madogo ya kukodi yanayobeba baiskeli. Agiza siku moja kabla. Ya tatu, kama una siku zaidi, ni kugeuza na kuiendesha tena. Mabasi ya kawaida hubeba baiskeli kwa hiari ya dereva na nafasi ya buti, kwa hiyo usiitegemee bila kuuliza.

Kabla ya kuirudisha, osha baiskeli jioni ileile. Udongo mwekundu ukikauka kwenye mnyororo usiku mmoja hugeuka kama saruji, na maduka hutoza usafi. Ndoo ya maji, kitambaa, brashi kuukuu ya meno. Anza na mnyororo, meno ya gea yafuate, mwisho tairi, na ukifika kwenye tairi pitisha vidole mara moja zaidi kutafuta mwiba, kwa ajili ya atakayeikodi kesho.